Makopo Yaliyolala Kichwa Chini

Mtu akiingia kwa Mzee wa Stoo bila kuonywa, alifikiri wezi wamepita wakapindua nyumba. Chini ya kitanda makopo yote yalikuwa yamelala kichwa chini, matako juu. Makopo ya rangi, makopo ya maziwa ya unga, chupa za dawa ya kikohozi, yote yamesimama kwa vichwa kama watoto wakicheza. Na chini yake ubao, kwa sababu kopo la bati likikaa kwenye saruji linashika kutu. Hayo ya ubao nilijua baadaye. Siku ya kwanza nilicheka tu. Nikamwuliza mke wake, "Mama, hapa mnaweka vitu au mnavimwaga?"

Akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nililetwa hapa kuolewa, sikuletwa kulinda makopo."

Tulikuwa tunakaa laini moja, Makindye, Kampala, vyumba vya serikali vimepangwa mstari, vinafanana kama meno. Mume wangu alikuwa polisi. Huyu mzee alikuwa analinda stoo ya wapaka rangi wa majumba ya serikali, ndiyo maana sote tulimwita Mzee wa Stoo, hata mke wake, hata siku amemkasirikia. Jina alikuwa nalo, lakini nani alilitumia? Na kwao ni wapi, mimi sijui mpaka leo. Miaka ile hukumuuliza mtu kwao ni wapi. Ukiuliza anafikiri umetumwa. Mtu ulimjua kwa anavyocheka na anavyokohoa, inatosha.

Sasa, msinicheke nikisema rangi ilikuwa kitu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, maduka wakapewa watu wengine, na hao watu wakauza kilichokuwa kwenye rafu, halafu wakauza rafu. Sukari unaitafuta kama mtoto aliyepotea. Sabuni unakata kipande kidogo kama pipi. Rangi ndiyo hata usiitaje. Wapaka rangi walipomaliza jengo, kopo likabaki na rangi kidogo chini, waliambiwa watupe. Mzee hakutupa. Alikuja nalo nyumbani amelishika kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kama mtu amebeba mchuzi.

"Hiki kidogo," alisema, "ni mlango wa mtu."

Alikuwa na namna yake. Kwanza anapangusa mdomo wa kopo, mzunguko wote, kwa kitambaa, kwa sababu rangi ikikauka pale kwenye ukingo mfuniko haukai sawa, na mfuniko usipokaa sawa hewa inaingia. Hewa ndiyo alichukia. Aliichukia kama mimi ninavyochukia panya. Kama rangi ni kidogo na kopo ni kubwa, anaihamishia kwenye kopo dogo. Kama kopo dogo hana, anatumbukiza kokoto zilizooshwa na kukaushwa, moja moja, mpaka rangi inapanda karibu na mdomo, hewa inakosa pa kukaa. Halafu anachukua jani la mgomba, analipitisha kwenye moto likalegea, anakata duara, analilaza juu ya rangi. Wanawake wa laini walikufa kwa kucheka, maana jani hilo kwetu ni la kufunikia matoke, ndizi za kupika. Waliuliza mke wake, "Mama, leo matoke yenu ni ya kijani au ya krimu?" Juu ya jani mfuniko, juu ya mfuniko kitambaa, halafu anagonga na kipande cha mti, pole pole, pembeni kwa pembeni, mduara. Katikati hagongi. Ukigonga katikati unaukunja. Mwisho anachovya kidole kwenye tone lililobaki, anapaka alama juu ya bati ajue ndani kuna nini, na kopo linalazwa kichwa chini.

Nimewaeleza vizuri hivyo kwa sababu nilisikia sauti ya kugonga ile miaka mingi kupitia ukutani. Wengine wanaamshwa na jogoo.

Shida ilikuwa kuchuja. Rangi iliyokaa, hata ukiitunza, inafanya utando kama maziwa, na utando ukikatika vipande vinaelea. Ukipaka hivyo ukuta unaota chunusi. Alianza na kichujio cha chai cha mke wake. Siku moja amekuja mgeni wa heshima, shemeji yake, kaka wa mke wake, amekunywa chai nusu kikombe, akasema, "Dada, chai yenu ina majani ya buluu." Mama akamtazama mumewe. Mzee akatazama dirisha. Tangu siku hiyo kichujio kililala chini ya mto wa mama.

Ndipo akagundua soksi. Zile ndefu za nailoni, za wanawake. Mimi nilikuwa nazo. Dada yangu alikuwa nesi hospitali ya Mulago, alinipa jozi moja, nikawa navaa Jumapili tu, kwenda kanisani, natembea kama mke wa waziri. Mzee aliziona akasimama njiani.

"Mama," akaniambia kwa heshima kabisa, "hizo zikichanika, uniambie."

Wiki ya pili tena. "Bado hazijachanika?"

Wiki ya tatu mume wangu akasikia. Mume wangu hakuwa mtu wa utani. Akaenda kusimama mlangoni kwa Mzee na kofia yake ya kazi kichwani.

"Mzee, nasikia kila Jumapili unauliza habari ya miguu ya mke wangu."

"Miguu baki nayo, bwana," Mzee akasema. "Mimi nataka nguo ya miguu."

"Ya kufanya nini?"

"Kuchuja."

Mume wangu akarudi nyumbani, akakaa, akafikiri sana. Halafu akaniambia, "Yule mtu si mgonjwa, lakini soksi usimpe." Na mimi sikumpa. Si kwa sababu ya mume. Nilikuwa nazipenda.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo mengine pia. Alikuwa na rangi ya kila aina, na kuta za ndani mwake zilikuwa nyeusi kwa moshi, hakupaka hata siku moja. Chakula aligawa, ukipita wakati wa kula lazima unawe mikono. Rangi hakugawa, labda mtu amefiwa anataka kuandika msalaba, au mtoto wa shule anataka kupaka boksi lake. Askari hakuwaogopa sana, paka aliwaogopa. Na hakuvumilia kopo wazi. Unamweleza jambo kubwa, mtu amekamatwa, mtu amekufa, yeye anasema, "Ngoja nifunike kwanza." Anafunika, anagonga mduara wake, ndipo anasikia.

Tena hata maneno aliyafanyia hivyo. Tumekaa uani, mmoja ameanza kusema mambo ya wakubwa, sukari imeenda wapi, fulani amepelekwa wapi, Mzee anakohoa kidogo: "Funika. Hewa inaingia." Tunaongea habari ya maharage.

Yeye alikuwa na sababu. Alikuwa na kijana mmoja, mtoto wake wa pekee, fundi wa redio, mcheshi, sikio lake moja limekunjika juu kama ukurasa wa kitabu. Huyo kijana alikuwa anajua kuiga sauti za watu, na aliiga sauti ya mtu ambaye haigwi. Watu walicheka. Mmoja aliyecheka akaenda kusema. Asubuhi rafiki akaja kumwambia Mzee, "Jina la mtoto wako nimelisikia mahali si pazuri." Kabla ya saa ya chai kijana ameondoka na kikapu mkononi kama mtu anaenda sokoni kununua nyanya. Alienda Kenya. Barua hakuna, maana barua zinafunguliwa.

Na tatizo ni hili: sisi watu wa vyumba vya serikali tulihamishwa hamishwa. Leo uko laini ya juu, kesho ofisa mpya amekuja, uko laini ya chini, na namba za milango zinaandikwa upya. Kijana akirudi atamkuta nani? Aulize? Kutaja jina la baba yake kwa mtu asiyemjua ilikuwa kujiuza mwenyewe. Milango yote ya laini ilikuwa kahawia. Basi Mzee alimwambia mlangoni, mke wake alinisimulia: "Popote watakapotuweka, mlango wetu utakuwa buluu hii. Wewe tafuta buluu."

Ilikuwa buluu ya nyumba ya ofisa mmoja wa zamani, nzuri sana, kama anga baada ya mvua. Ilibaki kopo moja tu, na pale mjini hungepata nyingine. Jua la Makindye linakula rangi. Kwa hiyo kila mwaka baada ya mvua Mzee alifungua lile kopo, alitoa jani, akachuja kwa kipande cha shuka kuukuu, akapaka mlango mara moja, nyembamba, akafunika. Walipomhamisha laini ya chini, alipaka mlango mpya kabla hajaingiza kitanda. Kila mwaka kokoto zilizidi, rangi ilipungua. Mke wake alikuwa anasema, "Sijui nini kitaisha kwanza, hiyo rangi au hao wakubwa."

"Funika," Mzee anajibu.

Sasa wakaja wanajeshi kutafuta magendo. Wakati ule ukiwa na sukari nyingi, sabuni nyingi, wewe ni mhalifu. Waliingia laini mchana, chumba kwa chumba. Mimi nilikuwa kwa Mzee, nimeenda kuomba chumvi, mtoto mgongoni. Akaingia askari mmoja mrefu, kijana, akavuta kitanda. Akaona makopo.

"Wewe mzee, hii iko nini? Sukari?"

"Rangi."

"Rangi gani nafungwa namna hii?"

Akachukua lile kopo la buluu. Akalitazama. Juu hakuna mfuniko, bati na alama ya kidole tu, maana lilikuwa kichwa chini. Angeligeuza tu. Hakuligeuza. Alifikiri limechomelewa kuficha kitu. Akalibana kifuani, akatoa kisu cha bunduki, akalitoboa ubavuni.

Buluu ilimwagika kwenye suruali, ikashuka kwenye buti zote mbili.

Mke wa Mzee akafumba macho akaanza kuomba. Mzee aliruka, akaziba lile tundu na kidole gumba, akapiga kelele, "Bakuli. Mama, bakuli." Halafu akamgeukia yule askari, bunduki na yote. "Wewe ulilelewa na nani? Kopo linafunguliwa mdomoni, halifunguliwi mbavuni."

Nilijua tumekwisha. Lakini askari hakumsikia. Alikuwa anatazama buti zake. Akasema pole pole, "Afande ataniua."

Mzee naye akazitazama. "Vua," akasema.

Na akavua. Yule mwanajeshi akakaa kwenye kitanda, miguu mitupu, bunduki katikati ya magoti, kama mtoto anangoja kuogeshwa. Mama akashika bakuli chini ya tundu, Mzee akapiga magoti na mafuta ya taa na kitambaa, akasugua buti, akasugua suruali mtu akiwa ndani yake, anamfundisha: "Rangi ya mafuta, maji hayafanyi kitu. Mafuta ya taa, kabla haijakauka. Hata mke wako utamwambia." Askari anaitika, "Ndiyo, baba." Wenzake wakapiga kelele nje, mmepata nini huko? Akajibu, "Hakuna kitu. Mzee na takataka." Akatoka buti zinang'aa. Kamba tu ndizo zilibaki buluu.

Tulicheka wiki nzima, lakini Mzee hakucheka. Buluu iliyobaki iliingia kwenye kopo la maziwa, tena likiwa na kokoto. Milango miwili, labda mitatu. Yaani miaka miwili, labda mitatu.

Halafu ikaja amri. Ofisa wa laini, mtu mfupi mwenye fimbo, akatuambia kuna mgeni mkubwa atakuja, milango yote lazima iwe rangi moja. Watu wake wakazunguka Kampala nzima kutafuta rangi, wakarudi na brashi tu. Akawa anatembea kwenye laini na hasira zake, akafika kwa Mzee, akasimama.

"Hii," akagusa mlango na fimbo. "Nataka yote hivi."

Mzee akasema, "Afande, hii imebaki kidogo sana. Niko na krimu nzuri, ilibaki kwenye wodi za Mulago."

"Unataka mgeni afikiri sisi wagonjwa?"

"Kuna kijani."

"Mlinzi wa stoo wewe. Ongeza buluu."

Kukataa ni kulala ndani. Kukubali ni kijana akija kukuta laini nzima buluu. Mzee akafungua makopo yote. Majani ya mgomba yametapakaa uani kama sikukuu. Nyeupe ya hapa, buluu kali ya pale, tone la nyeusi, anakoroga, anapaka kidogo kwenye mlango wake, anangoja ikauke kwa sababu rangi mbichi inadanganya, anatikisa kichwa, anakoroga tena. Mke wake alinivuta pembeni, macho yanacheka kwa mara ya kwanza. "Nimemwambia aikosee. Kidogo tu. Ofisa hawezi kuona, lakini mlango wetu utabaki peke yake."

Nikaona hiyo akili nzuri. Tukakaa kwenye ngazi tukingoja akosee.

Jioni laini yote ilikuwa imepakwa, na mlango wa Mzee ulikuwa katikati, na mimi nilikuwa sijui ni upi. Mama akasimama mbele ya laini, akatazama mlango kwa mlango. "Wewe," akamwambia mumewe, "nilikuambia uharibu kidogo."

"Nilijaribu," Mzee akasema. Alikuwa amekaa chini, mikono buluu mpaka kwenye viwiko. "Mkono ulikataa."

Mgeni hakuja. Hata gari lake hatukuliona.

Mama alinuna, halafu akaamka asubuhi akapita mlango kwa mlango, anatueleza sikio la kijana wake. Na sisi wanawake tukakubaliana. Miaka ile mlango ukigongwa, ulizima hata pumzi. Unaangalia kwenye ufa. Lakini laini yetu ikawa laini ya wajinga: mtu akigonga, karibu. Tulifungua tukitazama masikio. Tuliwafungulia walevi, tuliwafungulia watu wa kuuza mkaa, mbuzi mmoja aligonga na pembe akapewa maganda. Mume wangu alisema, "Siku moja mtafungulia kifo na kukipa chai." Tukaendelea kufungua.

Vita ikaja, ikapita, yule asiyeigwa akaondoka. Wengine walikimbia, sisi tulibaki kwa sababu mume wangu alikuwa na malaria, hata kukimbia hawezi. Milango ilikuwa imeanza kupauka. Mchana mmoja nafua nguo, nikasikia hodi. Nikafungua na povu mikononi. Mwanamume mwembamba, ndevu, shati la kuazima.

"Samahani, mama," akasema, halafu akatazama laini juu, akatazama laini chini. Alikuwa anataka kulia au kucheka. "Mimi niliambiwa nitafute buluu."

Nikaona sikio.

Sikumwuliza jina. Wenzangu walimwuliza, ndiyo shida. Alikuwa amegonga mlango wa juu, wakamkaribisha, wakamlisha ugali, wakamwuliza jina, akaogopa, akadanganya. Akagonga wa pili, chai na muhogo, akadanganya tena. Nywele ndefu zimefunika nusu ya sikio, nani atajua? Alifika kwangu ameshiba kabisa, muhogo mwingine mfukoni, na baba yake bado hajamwona. Nilimshika mkono wa shati, povu na yote, nikamvuta.

Mzee alikuwa uani kwake anahamisha kidogo cha krimu kutoka kopo kubwa kwenda dogo. Akainua kichwa. Akamtazama yule kijana. Halafu Mzee akasema:

"Ngoja nifunike kwanza."

Nilitaka kumpiga. Akachukua jani, akaliweka. Akachukua mfuniko, akaweka kitambaa, akagonga. Alikuwa anagonga katikati, mimi nilisikia, anagonga katikati, mfuniko unakunjika. Akaligeuza kopo kichwa chini kama desturi yake, na krimu yote ikatoka, ikamwagika kwenye saruji, ikafika kwenye vidole vyake, ikafika kwenye viatu vya mtoto. Hakuona. Walikuwa wamesimama ndani yake, wameshikana, na mama ametoka ndani na kichujio cha chai mkononi, anapiga kelele jina ambalo hatukulisikia miaka yote ile.

Nyayo zao zilibaki kwenye saruji mpaka tulipohama.

Tuliachana, kila mtu njia yake. Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mjane, natoka kanisani, nikapita upande wa kilima cha Kibuli kumwona mgonjwa, nikaona nyumba ndogo yenye mlango buluu. Nikagonga. Alikuwa yeye, mzee kabisa, macho yana ukungu, amekaa kwenye kigoda, mama amelala ndani. Na chini ya kitanda, makopo, matako juu.

"Mzee," nikamwambia, "mtoto si alirudi? Bado unatunza tu?"

"Alirudi. Akazaa. Sasa hao aliozaa ndio hawatulii. Mmoja yuko Nairobi, mmoja anasema Juba." Akapangusa mdomo wa kopo na kidole gumba, mzunguko wote. "Mtu lazima apajue kwao."

Yeye akainamisha kichwa kidogo, na macho yake yale yasiyoona vizuri yakashuka mpaka kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi za nailoni, mpya, binti yangu alinunua.

"Hizo," akauliza, "bado hazijachanika?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikakaa kwenye kitanda, nikavua moja, nikampa. Aliinyoosha, akaipuliza, akaipima kwenye mwanga wa mlango, kama mtu amepewa kanzu ya Idi.

"Na ya pili?"

"Ya pili utangoja."

Nikashuka kilima na mguu mmoja unang'aa kama wa nesi na mmoja mweusi wa kawaida, watu wananitazama, nami nawatazama. Nyuma yangu nikamsikia ameshaanza kugonga, pole pole, pembeni kwa pembeni, mduara.